Breve moja, inchi kumi na saba: mbona ya Congo inaishia kwenye mpaka?

Swali hili linatufikia mara nyingi, hasa kutoka kwa mafundi waliokimbia vita na kuanza kazi upya mbali na kwao. Mtu ametengeneza kitu kipya, tuseme jiko linalokula makaa kidogo, au mashine ya kukwangua mihogo. Akipata karatasi ya serikali inayosema kitu hicho ni chake, karatasi hiyo itamlinda mpaka wapi? Mtu wa Gisenyi akiiga jiko lile na kuliuza sokoni, fundi wa Goma anaweza kumfanya nini?

Kwa karatasi ya Kinshasa peke yake, hawezi kumfanya kitu. Breve ya Congo ina nguvu ndani ya Congo. Ukishavuka Petite Barrière, ni karatasi tu. Lakini ziko inchi za Afrika ambako breve moja inalinda katika inchi 17 kwa siku moja, na ziko nyingine ambako ombi moja linafika katika inchi nyingi. Kati ya majirani zetu tisa, angalau sita wamo katika umoja huu au ule. Sisi hatumo hata katika mmoja. Kuelewa namna tulivyofika hapo, lazima turudi nyuma kidogo.

Kwanza, breve ni nini. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita hataza. Ni mapatano kati ya mvumbuzi na serikali. Mvumbuzi anaeleza kwa maandishi na michoro namna kitu chake kinavyofanya kazi, bila kuficha. Serikali inampa muda, siku hizi kwa kawaida miaka 20, ambao hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza wala kukiuza bila idhini yake. Muda ukiisha, kitu ni cha watu wote. Na kitu chenyewe lazima kiwe kipya: si kipya Goma tu, ni kipya duniani.

Shida ni kwamba serikali inaamuru ndani ya mipaka yake. Mwaka 1845 kijana mmoja wa Scotland, Robert William Thomson, aliandikisha Uingereza gurudumu lenye mpira uliojazwa hewa. Alikuwa na miaka 23, na wakati ule magari yalikuwa yanavutwa na farasi. Mwaka 1846 akaandikisha gurudumu lile lile Ufaransa, na mwaka 1847 Marekani. Kitu kimoja, karatasi tatu, malipo mara tatu. Na kazi yote hiyo haikumtajirisha, maana soko lilikuwa halijafika, na watu wakasahau. Mwaka 1888 daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, John Boyd Dunlop, akavumbua upya kitu hicho hicho kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, akapewa breve. Miaka miwili baadaye akaambiwa breve yake haina nguvu, kwa kuwa Thomson alikuwa ametangulia. Thomson alikuwa amekwisha kufa, lakini maandishi yake yalitosha kumwangusha mtu aliyekuja zaidi ya miaka 40 nyuma yake.

Sisi Wakongomani tunajua gurudumu lile lilituletea nini. Baiskeli za Ulaya, na magari baadaye, vilihitaji mpira, na mpira ulikuwa katika misitu yetu. Mababu wa Equateur na wa sehemu nyingine waliuawa, wakachomewa vijiji, wakakatwa mikono chini ya Leopold II ili kilo za mpira zifike. Na kuna jambo ambalo ni wachache wanaolijua. Dola Huru la Leopold lilizaliwa mwaka 1885, na mwaka 1886 lilikuwa tayari na amri juu ya breve za uvumbuzi. Reli ya Matadi ilikuwa haijajengwa, ilikamilika mwaka 1898, lakini sheria ya kulinda wavumbuzi ilikuwapo. Sidhani kama kuna anayeamini kwamba iliandikwa kwa ajili ya mhunzi wa Kasai. Ililinda mashine za wageni ili zikiingia Congo zisiigwe na wageni wengine.

Wakati huo Ulaya yenyewe ilikuwa imeanza kuchoka na desturi ya kila inchi na karatasi yake. Mwaka 1873 kulipangwa maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Vienna, na wavumbuzi wengi wa kigeni wakaogopa kupeleka vitu vyao, kwa sababu yeyote angeweza kuviangalia, kurudi kwake na kuviandikisha kwa jina lake. Kutokana na hofu hiyo mazungumzo yalianza, na tarehe 20 Machi 1883 inchi 11 zikaweka sahihi mkataba wa Paris, Ubelgiji ikiwa mojawapo.

Mkataba ule haukuleta breve ya dunia. Ulileta kitu kidogo zaidi, lakini chenye faida hadi leo: tarehe. Ukiandikisha leo katika inchi mwanachama, unapewa muda wa kwenda kuandikisha katika inchi nyingine wanachama, na huko watakuhesabu kana kwamba ulifika siku ile ile ya kwanza. Mtu akiiga kati ya siku hizo mbili, wewe bado ndiye wa kwanza. Mwanzoni muda ulikuwa miezi sita. Tangu mkutano wa Brussels wa mwaka 1900 ni miezi 12. Inchi yetu, ikiitwa Zaire, iliingia katika mkataba huo mwaka 1975. Fundi wetu ashike hilo, nitalirudia chini.

Sasa tuje Afrika. Koloni nyingi za Ufaransa hazikuwa na ofisi zao za breve. Ofisi ilikuwa Paris, na breve ya Paris ilienea mpaka Dakar, Bangui na Brazzaville. Uhuru ulipofika mwaka 1960, inchi hizo zikajikuta bila ofisi, bila mafundi wa kusoma michoro, bila hata kabati la kuwekea karatasi. Kila mmoja kuanza kwake ingekuwa gharama kubwa kwa kazi ndogo. Basi tarehe 13 Septemba 1962, pale Libreville, serikali 12 zilikubaliana kuwa na ofisi moja na sheria moja. Ofisi ikawekwa Yaoundé. Tarehe 2 Machi 1977, kwa mkataba wa Bangui, umoja huo ukapata jina linalojulikana leo: OAPI, yaani Shirika la Afrika la Mali ya Akili.

Angalia vizuri walichofanya. OAPI si mahali pa kukusanya maombi na kuyagawa. Ofisi ya Yaoundé ndiyo ofisi ya kila mwanachama. Hauchagui inchi, hausemi nataka Gabon lakini sitaki Chad. Breve inatoka moja, na siku inapotoka ina nguvu katika inchi zote, ambazo leo ni 17: kutoka Mauritania na Senegal mpaka Cameroon, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Congo-Brazzaville, na hata Komoro waliojiunga mwaka 2013. Ukiibiwa Douala, ni hakimu wa Cameroon atakayekata shauri, lakini karatasi utakayoweka mezani ni ile ile ambayo ungeiweka Abidjan.

Hapa niseme kitu ambacho hatukisemi vya kutosha kwenye maredio yetu. Wazungu wa Ulaya walikuwa na mkataba wao wa mwaka 1973, uliofanyika München, lakini ule ulitoa fungu la breve: ofisi moja inachunguza, kisha breve inagawanyika na kuwa ya Ujerumani, ya Ufaransa, ya Italia, kila moja na malipo yake. Breve moja ya kweli, isiyogawanyika, Ulaya iliianza tarehe 1 Juni 2023. Nayo ilianza na inchi 17. Bangui na Yaoundé walikuwa wametangulia kwa zaidi ya miaka 40. Ni kweli walikuwa na njia rahisi kwa kuwa lugha na sheria zao zilitoka mahali pamoja, lakini wangeweza pia kugombana wakashindwa, kama tulivyoona katika mambo mengine mengi.

Upande wa inchi zilizotawaliwa na Waingereza mambo yalikwenda polepole zaidi. Huko, mara nyingi, breve ilitolewa London kwanza, kisha ikaandikishwa katika koloni. Mwaka 1976 mkataba wa kuanzisha umoja wao uliwekwa sahihi Lusaka, karibu na sisi kabisa, ukiwa na msaada wa Umoja wa Mataifa. Umoja huo leo unaitwa ARIPO na makao yake ni Harare. Kwa upande wa breve, sheria yake ni itifaki iliyopitishwa Harare tarehe 10 Desemba 1982, nayo ikaanza kufanya kazi mwaka 1984.

ARIPO si sawa na OAPI, na watu wengi wanachanganya. Katika ARIPO unapeleka ombi moja, kwa lugha moja, na ndani yake unaandika majina ya inchi unazotaka: Uganda, Rwanda, Tanzania, Zambia, Kenya, na kadhalika. Harare inachunguza. Ikiona ombi ni zuri, inaziarifu inchi ulizoandika, na kila moja ina miezi sita ya kukataa. Isipokataa, breve inakuwa na nguvu huko. Malipo ya kila mwaka yanahesabiwa kwa kila inchi uliyoichagua. Kwa hiyo mtu mwenye mfuko mdogo anaweza kuchukua mbili tu. Rwanda iliingia mwaka 2011.

Mnaona ramani? Magharibi na kaskazini, Brazzaville na Bangui wako OAPI. Mashariki na kusini, Kampala, Kigali, Dodoma na Lusaka wako ARIPO. Katikati ni sisi, inchi kubwa kuliko zote hizo, na sheria yetu peke yetu.

Kwa nini? Mimi naona sababu ya kwanza ni historia ile ile. Ubelgiji haikuacha nyuma kundi la inchi 12 zilizozoea ofisi moja. Iliacha Congo, Rwanda na Burundi, na baada ya uhuru watatu hao hawakuketi pamoja kwa jambo kama hilo. Ya pili ni siasa ya wakati. Tarehe 7 Januari 1982 Zaire ya Mobutu ilitoa sheria yake ya mali ya kiwanda. Ilikuwa mwaka ule ule ambao mkataba wa Bangui ulianza kutumika na itifaki ya Harare ilipitishwa. Majirani walikuwa wanafungua milango kati yao, sisi tulikuwa tunajenga nyumba ya peke yetu. Sheria ile haikuwa mbaya. Lakini ofisi yake ni Kinshasa, na mtu wa Uvira, wa Bunia au wa Kalemie anajua Kinshasa iko mbali namna gani.

Hata hivyo, tusiimbe sifa za breve moja bila kuangalia upande mwingine. Karatasi inayofungua milango 17 kwa mvumbuzi inafunga milango 17 kwa wengine wote. Kwa jiko, si neno. Kwa dawa, ni maisha ya watu. Mwaka 2001, kule Doha, mkutano wa biashara ya dunia ulikubali kwamba inchi maskini kabisa zisilazimishwe kulinda breve za dawa, ili ziweze kununua dawa za bei nafuu za SIDA na magonjwa mengine. Muda huo umeongezwa mpaka mwaka 2033. Lakini katika OAPI maskini kabisa na wasio maskini sana wako chini ya karatasi moja. Kampuni ya dawa ikipata breve Yaoundé, inaipata pia kwa Niger na Chad, ambazo kwa sheria ya dunia zingeweza kusema hapana. Mkataba wa Bangui uliporekebishwa mwaka 1999, mashirika kama Médecins Sans Frontières yalipiga kelele juu ya hilo. Anayesema Congo ijiunge kesho asubuhi ajibu kwanza swali hilo: hospitali za Masisi na Fizi zitanunua dawa kwa bei gani?

Na kwa dawa, sisi si watu wa kupokea tu. Mwaka 1995, Ebola ilipoua watu Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona, na saba wakapona. Baadaye, kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit, watafiti walipata chembe za kinga zilizotengenezwa kuwa dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa mwaka 2018 na 2019 kwa ndugu zetu wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mwezi wa Desemba 2020 Marekani ikairuhusu kwa jina la Ebanga. Haki za kuiendeleza zilitolewa na taasisi ya afya ya serikali ya Marekani kwa kampuni ya huko, Ridgeback. Sisemi mtu aliiba. Kazi ilifanywa pamoja na matokeo yameokoa watu. Ninasema karatasi, kama tunavyoona, zinafuata yule mwenye ofisi, mwenye avoka, na mwenye pesa ya kuandikisha katika inchi nyingi.

Njia wanayopitia wakubwa hao inaitwa PCT. Ni mkataba uliowekwa sahihi Washington mwaka 1970. Unapeleka ombi moja la kimataifa, linachunguzwa kwanza, kisha unapata miezi 30 hivi, tangu ile tarehe yako ya kwanza, ya kuamua ni inchi zipi utakwenda kulipa. Mwishoni kila inchi, au kila umoja kama OAPI na ARIPO, unatoa breve yake wenyewe. Kwa hiyo mtu akikujia kambini au sokoni na kukuambia atakupa breve ya dunia nzima kwa dola mia mbili, mfukuze. Hakuna karatasi ya namna hiyo, haijawahi kuwapo. Na ukishaandikisha kitu, jina lako likatangazwa, usishangae ukipata barua zenye mihuri mizuri zikidai malipo ya kitabu fulani cha kimataifa. Shirika la dunia la mali ya akili, lenye makao Geneva, linaonya watu juu ya barua hizo kila mara.

Basi fundi wetu anaweza kufanya nini? Kutokuwa mwanachama hakumfungii mlango wa Harare wala wa Yaoundé. Mkongomani anaweza kuomba huko, ila kama hakai katika inchi mwanachama itamlazimu kupitia mjumbe anayetambuliwa huko, na mjumbe analipwa. Ndugu zetu walioko Nakivale au Kyangwali wanakaa Uganda, ambayo ni mwanachama, kwa hiyo waulize kwenye ofisi ya uandikishaji ya Kampala kabla ya kumlipa mtu wa katikati. Na kwa kuwa Congo iko katika mkataba wa Paris, anayeanza Kinshasa anashika tarehe yake, halafu ana miezi 12 ya kutafuta pesa za Harare. Kitu kidogo, kilichoboreshwa tu, kinaweza pia kuombewa ulinzi mfupi na mwepesi kuliko breve, ambao OAPI na ARIPO wote wanao.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa redio. Kitu kikishaelezwa hadharani, si kipya tena, hata kama aliyekieleza ni mwenyewe. Ziko nafasi ndogo kwa maonyesho yanayotambuliwa na serikali, lakini redio si maonyesho ya namna hiyo. Mvumbuzi anapokuja kwenye kipindi chetu, ninamuuliza kwanza kabla ya kuwasha mikro: umekwisha kuandikisha? Kama bado, tutazungumza juu ya maisha yake, shida iliyomsukuma, watu anaowasaidia na bei anayouzia. Namna matundu ya hewa yalivyopangwa ndani ya jiko tutaiacha ndani ya jiko, mpaka awe na karatasi yenye tarehe na muhuri.